Nilikataa Kupuliza Texas, na Karatasi ya Mfukoni Ndiyo Iliyokuwa na Uzito

Usiku niliosimamishwa karibu na Houston nikitoka harusini, nilikataa kupuliza kipima ulevi kwa sababu moja tu: kwa miaka mingi nilikuwa nimewasikia Waswahili wenzangu wa huku wakiambiana kwamba asiyepuliza hana kesi. Maneno hayo si kweli, na yanawaumiza watu.

Sheria ya Texas humhesabu anayeendesha gari barabarani kuwa amekwisha kubali kupimwa iwapo atakamatwa kwa tuhuma za ulevi. Akikataa mara ya kwanza, leseni husimamishwa kwa siku 180, ilhali aliyepuliza akafikia kiwango cha kilevi mwilini cha 0.08 husimamishiwa siku 90. Kukataa kwenyewe huweza kuletwa mahakamani kama ushahidi, na askari anaweza kumwomba hakimu hati ya kukutoa damu usiku huohuo. Mimi sikutolewa damu, lakini mashtaka yalifunguliwa vilevile, kwa kuwa mwendesha mashtaka anaruhusiwa kuthibitisha kwa video na maelezo ya askari kwamba pombe ilikuondolea uwezo wako wa kawaida wa akili au mwili.

Nisilolijua ni kwamba nilikuwa na kesi mbili. Ya jinai ilikwenda mahakama ya kaunti. Ya leseni husikilizwa na jaji wa mashauri ya kiutawala wa jimbo. Karatasi niliyokabidhiwa baada ya leseni yangu kuchukuliwa, ambayo niliikunja nikaitia mfukoni bila kuisoma, ilikuwa notisi inayonipa siku 15 za kuomba kusikilizwa, na nisipoomba leseni ingesimamishwa siku ya 40. Mke wangu aliisoma siku ya 11. Nisingekuwa naye, nafasi hiyo ingenipita.

Shauri la leseni nilishindwa, na ni vizuri msomaji ajue hivyo. Jaji huyo huuliza mambo machache: kama askari alikuwa na sababu ya kukusimamisha, kama alikuwa na msingi wa kuamini umelewa, na kama ulipewa nafasi ya kupimwa ukakataa. Hata hivyo wakili wangu alikuwa amemwita askari kwa hati ya wito, akamhoji chini ya kiapo kabla ya kesi ya jinai kuanza. Askari alisema niliyumba mara nyingi nilipotembezwa kwenye mstari. Video ya gari lake ilionyesha nikiyumba mara moja tu, wakati wa kugeuka. Tofauti hiyo ndiyo iliyoibeba kesi yangu, na isingepatikana kama siku 15 zingepita.

Mwishowe mwendesha mashtaka alikubali kubadilisha shtaka liwe la kuzuia njia. Kabla ya kukubali, nilimpelekea makubaliano hayo wakili wa uhamiaji, kwa sababu kwa asiye raia hukumu ndogo ya mahakama huweza kugusa kibali chake. Tangu mwaka 2010, Mahakama ya Juu ya Marekani imeamua kwamba wakili wa jinai analazimika kumweleza mteja wake hatari ya kufukuzwa nchini. Mwulize hata kama hajagusia.

Jambo la mwisho ni lugha. Nilisomewa onyo kwa Kiingereza cha haraka, nikaitikia kwa kichwa kwa heshima, na video ikaniandika kuwa nimeelewa. Kama hukuelewa, sema hivyo kwa sauti, uombe mkalimani, tena uombe mbele ya kamera.