Kande, Makande na Asili ya Kusingiziwa

Msomaji wa Makambako anauliza: "Mwalimu, katika chakula chetu cha asili cha mahindi na maharage, lipi ni sahihi, kande au makande?"

Yote mawili yanasemwa, nami sioni sababu ya kugombana, mradi upatanisho wa kisarufi ulindwe: kande zimeiva, makande yameiva. Asitokee mtu wa kuniambia "makande zimeiva" halafu anitazame kana kwamba mwenye kosa ni mimi. Swali limekwisha. Kilichoninyima usingizi ni maneno manne ambayo msomaji ameyapitisha bila kuyakagua: "chakula chetu cha asili".

Asili, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni chanzo, yaani mahali kitu kilikotoka. Haya, tufunue sufuria. Mahindi chanzo chake ni Mexico, yakaletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16, na jina lenyewe linakiri ugeni, ingawa linaisingizia India. Maharage nayo ni ya Amerika, na karanga ambazo mama wa Kibena huzitwanga ili aungie kande hizo ni za huko huko. Viazi mviringo vinavyojaza malori yatokayo Njombe vilianzia milima ya Andes. Hata ndizi za Rungwe, ambazo Mnyakyusa yuko tayari kuziapia, shina lake liko Asia, kama ulivyo mchele wa Kyela na harufu yake yote. Ulezi ndio mwenzetu wa tangu mwanzo.

Nilipita katika mgahawa mmoja pale Uyole wenye ubao ulioandikwa kwa chaki "VYAKULA VYA ASILI", na chini yake wali, kande, viazi na chapati. Nikaagiza ugali wa ulezi. Mama aliyekuwa akipakua alinitazama kwa huruma, mwiko ukiwa bado mkononi, akasema, "Huo hatupiki, baba. Labda asubuhi uwahi uji."

Neno la kuandika kwenye ubao ule tunalo, nalo ni kienyeji. Mwenyeji ni mwenye mji, na mji huweza kuupata hata aliyeingia jana akiwa na mzigo kichwani. Wahenga waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakumtaka mgeni huyo abadili mahali alikozaliwa; mahindi yamelima nasi vya kutosha, basi yaitwe ya kienyeji, na asili yake waachiwe Wamexico.

Chapati ndiyo iliyonipa taabu. Jina ni la Kihindi, na mapishi ni ya Kihindi, kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kuiandika katika orodha ya wageni, hadi mke wangu aliposoma rasimu hii na kuniarifu kwamba, ikiwa chapati ni ya ugenini, basi Jumapili nikaile huko. Nimeifuta. Nayo ni ya kienyeji.