Wadogo zangu wa studio, chumba nacho huimba

Nimesikiliza sauti za waimbaji mlizorekodi hapa Mtwara siku hizi, na katika nyingi nimekisikia chumba kabla ya kumsikia mwimbaji. Nawapenda, ila haya tulikwisha kuyasema.

1. Trei za mayai mlizobandika ukutani zirudisheni kwa muuza mayai. Chumba ambacho kuta zake mbili zinatazamana kwa mita 3 huvuma karibu na hezi 57 (mitetemo 57 kwa sekunde), kisha 114 na 171, ambako sauti nzito ya mwanamume hupita. Kadibodi haigusi huko, wala sponji ya sentimita 2. Godoro la sufi lililosimamishwa mbali kidogo na ukuta husaidia zaidi.

2. Maikrofoni ya kadioidi husikia kilicho mbele yake na kupuuza kilicho mgongoni, kwa hiyo ukuta wa kuushughulikia kwanza ni ule ulio nyuma ya mwimbaji. Mimi nilifanya kinyume. Nilikuwa nimepanga chumba Shangani, chenye vigae sakafuni na madirisha mapana ya vioo, nikakiona cha kisasa. Kikaja kikundi cha kwaya kutoka Masasi, nami nikamsimamisha kiongozi wao katikati kabisa ya chumba, sponji zote zikiwa nyuma ya maikrofoni na ukuta mtupu mgongoni pake. Katika hedifoni zangu za bei rahisi kila kitu kilikuwa sawa. Usiku nilipoweka kompresa, inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, mwangwi uliokuwa umejificha kati ya maneno ukapanda pamoja na pumzi, nami, badala ya kukiri, nikaongeza riverbu, yaani mwangwi wa kutengenezwa, juu yake, kama mtu anayepaka poda juu ya kidonda. Mzee yule alisikiliza hadi mwisho, akavua hedifoni taratibu, akauliza, “Mwanangu, hivi tuliimbia kisimani?” Nauli ya kuwarudisha kurekodi upya niliitoa mimi, na Masasi si jirani. Safari hiyo magodoro yalisimama nyuma yake, naye akasogea kutoka katikati. Kompresa ileile haikuleta tatizo tena.

3. Umbali wa sentimita 15 hadi 20 unatosha kwa kuanzia. Mwimbaji akiubandika mdomo kwenye maikrofoni, besi huvimba na herufi “p” na “b” hulipuka, basi igeuzeni pembeni kidogo ya mdomo. Stendi ya maneno ifunikeni taulo, maana nayo hurudisha sauti.

4. Feni izimwe. Najua joto la Desemba, na najua mwimbaji atalalamika. Mpeni maji na mapumziko. Mvua ikianza kupiga bati, acheni kurekodi, kwa kuwa sijaona plagini, yaani programu ndogo ya kuhariri sauti, ya kuondoa bati bila kuondoa na sauti ya mtu.

5. Kabla hamjamwita mwimbaji, simameni atakaposimama mpige kofi moja kali. Likijibiwa na mlio mwembamba unaotetemeka kati ya kuta, sogezeni magodoro, mpige tena.