Barua kwa mwanangu: Soma kwanza sharti la kuongeza muda

Mwanangu,

Swali lako ni la mstari mmoja: "Baba, kati ya Ureno na Uhispania, viza ipi ni rahisi kupata kwa mtu anayefanya kazi kwa mtandao?" Ukaongeza kuwa mshahara wako ukigeuzwa ni yuro 3,600 kwa mwezi, na kwamba unataka jibu fupi. Fupi sitaweza, wanijua.

Nianze na hesabu, maana ndiyo unayoingoja. Ureno wana viza iitwayo D8, iliyoanza Oktoba 2022. Inadai kipato cha mara 4 ya kima cha chini cha mshahara wa nchi hiyo, kwa wastani wa miezi 3 iliyotangulia ombi. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa yuro 870, kwa hiyo ungetakiwa kuonyesha 3,480, nawe ungepita. Januari 2026 kikapanda hadi 920. Mara 4 yake ni 3,680: umepungukiwa na yuro 80. Mtu yule yule, kazi ile ile, ila amechelewa wiki chache kwa sababu cheti kimoja kilikuwa hakijarudi. Uhispania wao wanataka mara 2 ya kima chao cha chini, na kima hicho hulipwa kwa mafungu 14 kwa mwaka. Kwa kiwango cha 2025, yuro 1,184: zidisha kwa 14, zidisha kwa 2, gawa kwa miezi 12, utapata kama yuro 2,763. Hapo una ziada ya kutosha hata kima kikipanda.

Basi kama shida ni kupata, umeshajibiwa. Lakini kupata si shida, mwanangu. Viza hupatikana. Wanaolia si walionyimwa mlangoni, ni wale walioingia, wakapanga nyumba, wakanunua vyombo, halafu mwaka wa pili au wa tatu barua ikaja kwamba kibali hakiongezwi. Nimewaambia nyote, na najua kaka yako huniigiza sauti mkiwa peke yenu: soma sharti la kuongeza muda kabla hujasoma sharti la kuomba. La kuomba utalisoma tu, hakuna njia ya kulikwepa. La kuongeza muda hulisomi mpaka uwe umekwama.

Kwanza tuweke msingi, maana katika ujumbe wako umeandika "viza ya Schengen" kana kwamba ndiyo hiyo hiyo. Siyo. Viza fupi, ile ya aina C, inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku hizo zinahesabiwa kwa pamoja katika nchi zote 29 za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa mipaka kati yao. Kila siku unayokuwa ndani, wanarudi nyuma siku 180 na kujumlisha. Haianzi upya Januari, wala haianzi upya kwa kuvuka mpaka na kurudi. Unayoitaka wewe ni ya aina D, ambayo hutolewa na nchi moja kwa ajili ya kukaa nchini humo. Kibali cha Ureno hakikupi haki ya kuhamia Uhispania. Kitakuruhusu kutembea huko, kwa hesabu ile ile ya 90 kwa 180. Na ile kadi ya "ukaazi wa kielektroniki" ya Estonia ambayo kaka yako alikuja nayo kama habari ya mwaka, inakuwezesha kusajili kampuni kwa mtandao tu. Haikupi hata usiku mmoja wa kulala Tallinn.

Sasa Ureno. Viza ya D8 ya ukaazi si kibali, ni tiketi ya kwenda kuchukua kibali. Inadumu siku 120, inaruhusu kuingia mara 2, na ndani ya muda huo unatakiwa uende kwenye miadi ya idara ya uhamiaji, AIMA, utoe alama za vidole. AIMA ilichukua nafasi ya idara ya zamani Oktoba 2023, ikarithi malundo ya maombi. Serikali ikawa inatoa amri za kurefusha uhai wa hati zilizokwisha muda. Ndani ya Ureno hati hizo zilikubalika. Lakini afisa wa mpaka wa nchi nyingine, au mhudumu wa ndege anayetazama tarehe iliyochapwa kwenye kadi, hakulazimika kuzijua amri za Lisbon. Hapo ndipo watu walikwama uwanja wa ndege wakiwa hawana kosa lolote. Kibali cha kwanza ni miaka 2, kinachofuata ni 3. Na sharti la kuongeza muda, nililokuambia utangulie kulisoma: ndani ya uhai wa kibali usiwe nje miezi 6 mfululizo, wala miezi 8 ya kuokoteza. Anayekwenda Ureno ili awe anakuja nyumbani kila anapojisikia alikumbuke hilo.

Utakutana pia na watu wanaosifia utaratibu wa kodi nafuu wa Ureno uitwao NHR. Ulifungwa mwanzoni mwa 2024, ukiacha waliokuwa kwenye kipindi cha mpito. Na ile miaka 5 ya kuomba uraia ambayo kila mtu anaitaja, bunge lao lilipiga kura mwaka 2025 kuirefusha. Usipange maisha yako kwa hesabu ya mtu aliyekwenda 2019.

Uhispania ndiko kwenye mwiba wenyewe, na haumo kwenye kipato. Viza yao ya wafanyao kazi kwa mtandao ilitoka katika sheria ya Desemba 2022. Inataka kampuni iwe imefanya kazi angalau mwaka 1, wewe uwe nayo angalau miezi 3, na uwe na shahada au uzoefu wa miaka 3. Yote hayo unayo. Kisha inauliza: nani anakulipia hifadhi ya jamii? Ukiwa mwajiriwa, ama kampuni yako ilete cheti kwamba inaendelea kukuchangia huko iliko, na cheti hicho hukubalika tu ikiwa nchi hiyo ina mkataba wa hifadhi ya jamii na Uhispania, ama kampuni ijisajili katika hifadhi ya jamii ya Uhispania kwa ajili yako peke yako. Idara za rasilimali watu husikia hilo la pili zikanyamaza. Hapo wengi hubadilishiwa mkataba, kutoka mwajiriwa hadi mtoa huduma wa kujitegemea, wakajisajili kama autónomo. Mwaka wa kwanza kuna kiwango cha punguzo, yuro 80 na ushee kwa mwezi. Baadaye mchango hufuata kipato. Ndipo mtu anagundua kuwa kwa mkataba mpya hana likizo ya kulipwa wala notisi ya kuachishwa, na kazi ikikatika ghafla, ombi lake la kuongeza muda halina la kusimamia. Tena kile kiwango maalumu cha kodi cha asilimia 24 ambacho Uhispania huwapa wahamiaji wapya, alichokuwa akikipigia hesabu, ni cha waajiriwa zaidi kuliko wanaojitegemea.

Ukiombea ubalozini, unapewa mwaka 1. Ukiombea ukiwa ndani ya nchi kihalali, unaweza kupewa hadi miaka 3, na sheria inawapa siku 20 za kazi kujibu. Watakuambia basi omba viza ya utalii, ukifika ubadilishe. Sheria inairuhusu njia hiyo. Ila kwenye fomu ya utalii utakuwa umetia saini kwamba unakwenda kutembea na kurudi, na saini hiyo inabaki kwenye kumbukumbu zao. Amua mwenyewe.

Nikitaja hesabu za siku za kuwa nje, unajua nimefika wapi. Shangazi yako.

Mnaambiwa kwamba Uingereza ilimkatalia shangazi yenu ukaazi wa kudumu kwa sababu alikuja kumuuguza babu. Sivyo, na kila nikisikia inasimuliwa hivyo moyo unaniuma. Sheria yao ilikuwa inataka miaka 5 mfululizo, na usiwe nje zaidi ya siku 180 ndani ya miezi 12 yoyote. Neno ni *yoyote*. Yeye alihesabu Januari hadi Desemba. Mwaka ule babu alipozidiwa, alikuwa amekaa nje siku 95 kufikia mwisho wa Desemba, akaandika kwenye daftari lake: salama. Mwaka uliofuata, Januari hadi Aprili, siku nyingine 110. Salama tena, kila mwaka uko chini ya 180. Lakini ofisini hawakufungua kalenda yake. Walichukua miezi 12 inayokatiza katikati, wakapata 205.

Na bado hilo lilikuwa linatibika. Kanuni zenyewe zinasema siku za kuwa nje kwa sababu ya ugonjwa wa kutishia uhai wa mzazi, au kifo chake, zinaweza kuachwa kuhesabiwa, ilimradi kuna uthibitisho. Barua ya daktari yenye tarehe. Karatasi za kulazwa. Cheti cha kifo. Cheti cha kifo kilikuwepo, lakini kinathibitisha siku moja tu, si miezi ile yote ya kukaa kando ya kitanda. Karatasi za kulazwa zilitupwa na mtu aliyekuwa anasafisha chumba, akaona ni takataka za wagonjwa. Wala sitamtaja, unamjua. Dada yangu alilazimika kuongeza viza, kulipa upya ada ya huduma ya afya, ambayo leo ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na kuanza kuhesabu tena. Kwa karatasi! Babu angekuwa hai angecheka, maana yeye ndiye aliyekuwa hatupi hata risiti ya mafuta ya taa.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza uwe na jedwali: tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, sababu, na picha ya karatasi inayothibitisha. Waingereza, wanaohesabu siku za kuwa nje, hawahesabu siku unayoondoka wala unayorudi, wanahesabu siku kamili tu; Schengen, wanaohesabu siku za kuwa ndani, wao wanahesabu siku ya kuingia na ya kutoka zote mbili. Kwa ukaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya, miaka 5 huvumilia miezi 6 mfululizo na jumla ya miezi 10. Kila nchi na kikokotoo chake, jedwali ni lile lile.

Nyaraka nitazipitia haraka, kwa kuwa umezoea. Cheti cha mwenendo mwema kiombe mwisho, si mwanzo, maana huhesabiwa kimekufa baada ya miezi 3 au 6. Apostili, ule uthibitisho wa hati unaotambuliwa kimataifa, kwanza, tafsiri baadaye: mtafsiri aliyeapishwa lazima atafsiri na apostili yenyewe, ukigeuza utaratibu utalipa mara mbili. Apostili inatolewa na nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa 1961. Cheti kilichotoka nchi isiyo mwanachama kinapitia wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda, na hapo ongeza wiki kadhaa kwenye ratiba. Bima ya Uhispania isiwe na mchango anaolipa mgonjwa kila akitibiwa, wala kipindi cha kusubiri; bima za watalii hukataliwa. Na jina la babu kwenye cheti chako cha kuzaliwa bado lina herufi moja pungufu kuliko kwenye pasipoti. Lirekebishe sasa, kabla ya apostili.

Najisikia nikiandika hivi, na najipinga mwenyewe. Mtu akisoma kila sharti kabla ya kuondoka, ataondoka lini? Shangazi yako hakusoma kitu, akaenda, na leo ana ukaazi wake, ana watoto wanaosoma, na hakuna anayemkumbusha siku 205 isipokuwa mimi. Labda kuna ujasiri unaokuja kwa kutojua. Halafu nakumbuka ile miaka aliyoirudia akiwa amefungwa kwa mwajiri mmoja, asiyeweza hata kumjibu msimamizi wake vibaya, kwa kuwa viza ilikuwa mkononi mwa mwajiri huyo. Hapana. Soma. Soma sharti la kuongeza muda.

Jibu langu ninalo, na ulimi unaniwasha. Sikuambii, kwa sababu nikisema nchi mama yako atasema nimekutuma, na wewe ukikwama utasema vivyo hivyo. Nitakwenda hapa tu, nisizidi: yuro 80 za Ureno unaweza kuziomba kama nyongeza ya mshahara. Lile la Uhispania liko mikononi mwa kampuni yako, si mwako.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu yoyote, mwandikie mwajiri wako, kwa maandishi na si kwa simu, umwulize mambo mawili. Je, nchi iliyosajiliwa kampuni ina mkataba wa hifadhi ya jamii na Uhispania, na watakutolea cheti? Na kama hawatoi, watakuacha uwe mwajiriwa, au watakubadilishia mkataba? Wakikujibu, nitumie jibu lenyewe kama lilivyo, usinisimulie.

Baba yako