Usimwachie mdogo wako mchumba kimyakimya

Dada, huo ujumbe wa kumwacha usiutume! Unasema mdogo wako anampenda mchumba wako, sasa unataka ujitoe, usingizie umepata mwingine, ili yeye aolewe naye. Mimi nilifanya hivyohivyo hapahapa Tanga, Ngamiani, miaka 14 iliyopita. Hata uongo wetu ni mmoja.

Aliyenipotosha ni shangazi yangu. "Mkubwa jalala, mwanangu, wewe utapata mwingine." Mwenyewe kaolewa mara tatu na hajawahi kumwachia mtu hata kijiko! Nikamsikiliza. Nikamwambia yule bwana simtaki, nikamsukumia mdogo wangu. Nikauza bangili zangu mbili za dhahabu, nikamnunulia bibi harusi kitanda. Kitanda, jamani! Usiku wa mkesha nilicheza ngoma mpaka visigino vikavimba, watu wakanisifu kiuno. Nilikuwa najizuia kulia, ila kiuno hakina habari hizo.

Mdogo wangu hakuambiwa kitu. Akaamini kanishinda. Miaka sita, kila nikienda kwake ananikagua kama mwizi wa kuku. Siku ya maulidi akatoka na kanga mpya, akapita mbele yangu taratibu nisome maandishi: "Kupata si werevu na kukosa si ujinga."

Uvumilivu ukaniishia. Nikamwaga yote mbele ya wageni, mpaka bangili. Alikuwa na sahani ya mkate wa sinia mkononi, akaiweka chini polepole. "Kwa hiyo miaka yote hii nala makombo yako, na shangazi anajua?" Shangazi akawa anatafuta viatu vyake, navyo kavivaa.

Sasa tunaonana misibani.

Mwambie kabla! Yeye, na huyo mwanamume pia, maana si doti ya kanga umkate umgawie. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wanaooana, haijataja ridhaa ya dada mkubwa. Na huyo aliyekushauri muolewe naye wote wawili arudi chuoni akasome Suratun Nisaa, aya ya 23: ndugu wawili wa kike hawakusanywi kwa mume mmoja.

Mimi bado nasikia maneno ya mwisho ya mdogo wangu siku ile, mlangoni: "Ungeniambia, dada, ningemkataa."