Kabla hujamwita mtundu, mtazame kwanza

Nafundisha shule ya msingi ya serikali hapa Busia, upande wa Uganda. Tangu elimu ya bure ya UPE ianze mwaka 1997 madarasa yamefurika, na katika umati huo kila mwaka hunifikia mtoto ambaye sifa zake zimemtangulia: mkaidi, mvivu, ana mapepo. Mwalimu mwenzangu, mtoto huyo usimpokee na sifa zake. Mtazame upya wewe mwenyewe.

Anza na masikio. Huku kwetu watoto wengi hutoka usaha masikioni miezi mingi bila kutibiwa, na mtoto asiyesikia vizuri atapayuka, atageukageuka, atamsumbua jirani yake kwa sababu somo halimfikii. Mwite jina kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake. Macho pia: msogeze mbele, uone kama ataanza kunakili. Halafu kuna yule anayeganda ghafla sekunde chache, kalamu mkononi, macho yakitazama pasipo kitu, kisha anaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Tunasema anaota mchana. Hali hiyo ikijirudia siku baada ya siku huenda ni kifafa kisichoangusha. Dawa zake zipo, na zikimfaa huweza kumrudisha kwenye masomo. Mwambie mzazi ampeleke hospitali. Akitaka kumwombea, amwombee, lakini dawa asiiache.

Ukishahakikisha hayo, shika daftari. Kila anapolipuka, andika kilichotangulia: saa ngapi, somo gani, nani alikuwa karibu. Mimi naamini daftari hili kuliko mkutano wowote wa walimu. Nilikuwa na mvulana wa darasa la tatu aliyekuwa akitimka mbio karibu kila siku, na wote walidai anakimbia hesabu. Daftari lilionyesha anakimbia kengele. Yetu ni rimu ya gari inayogongwa kwa chuma, na mlio wake ulimuumiza. Mvua kubwa juu ya mabati ilimfanya vilevile. Nilimhamishia mbali na mlango, nikawa namnong'oneza kengele ikikaribia, na baadaye mwalimu wa zamu akamruhusu aigonge yeye mwenyewe. Mlio alioujua unakuja aliweza kuuvumilia. Baadaye hospitali ilisema ana usonji (kwa Kiingereza autism), lakini msaada wa darasani ulikuwa umeshaanza bila kungoja cheti.

Kwa asiyeweza kutulia, mpe kazi ya mwili: afute ubao, agawe vitabu, alete maji. Maagizo yawe moja moja. Akifanya vizuri, msifu papo hapo, tena kwa jambo lenyewe: "Umemaliza mistari mitatu." Kiboko weka mbali. Sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni, na hata isingekataza, sijaona fimbo iliyomfundisha mtoto wa namna hii kukaa.

Mzazi naye tumwite kabla ya makosa kurundikana. Mama anayeitwa shuleni kusikiliza mashtaka tu ataacha kuja. Mimi huanza na kitu kizuri alichofanya mwanawe, kisha namuuliza: nyumbani akichafukwa, humtuliza vipi? Mara nyingi jibu analo tayari, nami nalichukua hadi darasani.

Walimu waliosomea elimu maalumu katika Chuo Kikuu cha Kyambogo ni wachache kwa shule zetu. Ofisi ya elimu ya wilaya iulizwe, na iulizwe tena.

Na wewe mzazi wa darasa la saba, hili usilisahau: UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 45 za ziada kwa kila karatasi ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na asiyeona vizuri huandaliwa karatasi yenye maandishi makubwa. Shule ndiyo inayoyaombea hayo wakati wa kusajili. Nenda kwa mwalimu mkuu mapema, na ripoti ya daktari mkononi, umuulize kama jina la mwanao limepelekwa.