Taa za breki za gari la zamani: thibitisha swichi imekufa kabla ya kununua nyingine

Gari la zamani linaweza kutembea miezi bila taa za breki na mwenye gari asijue lolote. Breki zinashika, dashibodi imenyamaza, na wewe uliye kwenye usukani huwezi kuona nyuma yako. Anayejua ni dereva anayekufuata, naye hujua akiwa amechelewa. Mimi nina desturi moja: gari likiwa limelala muda mrefu, nalirudisha kinyumenyume hadi karibu na ukuta, nakanyaga breki, naangalia kwenye kioo. Ukuta ukipata wekundu pande zote mbili, naondoka.

Lakini kuwaka peke yake hakutoshi. Kanyaga pole pole, kwa mguu mwepesi, kama unavyofanya ukiona foleni kwa mbali. Taa inayongoja ukandamize pedali kwa nguvu zote ndipo iwake, mimi naihesabu mbovu. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuzeeka kwa swichi ya breki, ile inayowasha taa hizi unapokanyaga, na wengi huidharau kwa sababu ukanyagaji wa nguvu pale gereji huwa unaificha.

Taa moja ikiwaka na nyingine ikagoma, iache swichi. Swichi inalisha zote mbili, kwa hiyo hapo tatizo ni balbu, holda yenye kutu au waya wa upande huo. Taa ndogo za nyuma zikififia unapokanyaga breki, au indiketa ikaanza kumemeta kiajabu, tafuta pale waya unaposhika bodi na ukwangue kutu. Zikikataa zote mbili, anza na fyuzi, kisha ndiyo uifikirie swichi.

Sasa iko wapi? Magari ya zamani yana aina mbili. Ya kwanza imefungwa juu ya pedali: ina kijiti kinachosukumwa na mkono wa pedali ikiwa imepumzika, na pedali ikishuka kijiti kinatoka na umeme unapita. Ingiza kichwa chini ya dashibodi na kurunzi, utaiona. Ya pili haina habari na pedali kabisa. Imefungwa kwenye mfumo wa mafuta ya breki, ama kwenye masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali), ama kwenye kiungo ambapo mabomba ya breki yanagawana, na huwashwa na shinikizo la mafuta. Ukiona kitu kifupi cha duara kimekazwa kwenye kiungo hicho na kina waya mbili kichwani, ndicho. Volkswagen Beetle zinatumia aina hii kwenye masta silinda, na zile zenye breki za mikondo miwili, yaani njia mbili za mafuta zinazojitegemea, zina swichi mbili, moja kwa kila mkondo. Marekani ililazimisha mikondo miwili kwa magari madogo mapya kuanzia 1968, kwa hiyo gari la miaka hiyo likiwa na swichi mbili, usishangae.

Kuipima ni kazi ya dakika chache. Washa swichi kuu ya gari, kwani baadhi ya magari hayapeleki umeme huko bila hiyo. Chomoa waya mbili za swichi ya breki na uziunganishe kwa kipande cha waya. Taa zikiwaka, swichi imekufa. Zisipowaka, chukua taa ya kupimia, gusa kila waya: mmoja lazima uwe na umeme. Usipokuwa nao, rudi kwenye fyuzi. Ukiwa nao na taa bado hazijawaka, kasoro iko kati ya swichi na nyuma ya gari. Kwenye magari mengi ya Kimarekani ya zamani, indiketa na breki hutumia balbu moja, hivyo umeme wa breki hupitia kwanza kwenye swichi ya indiketa iliyoko kwenye usukani. Nimeona mtu akibadilisha swichi ya breki mara mbili kwenye gari la namna hiyo, kumbe mkono wa indiketa ndio ulikuwa umelika ndani.

Mita ya kupimia inaweza kukudanganya hapa. Inapitisha umeme kidogo mno, na swichi ambayo ncha zake za ndani, zile zinazogusana kupitisha umeme, zimeungua itaonekana nzima mbele yake, kisha ishindwe kubeba mzigo wenyewe. Balbu mbili za wati 21 kwenye mfumo wa volti 12 zinavuta ampia 3.5. Kwenye mfumo wa volti 6, kama wa Beetle nyingi za kabla ya 1967, zinavuta ampia 7, yaani mara mbili, kupitia vijincha vile vile vidogo. Ndiyo maana swichi za shinikizo hufa pole pole: ncha zinaungua, kiwambo cha ndani kinachoka, na kila mwezi mguu unadaiwa nguvu zaidi.

Kwenye ununuzi ndipo pesa hupotea. Jina la gari na mwaka havitoshi, kwa sababu gari la umri huo limepita mikononi mwa mafundi wengi na huenda masta silinda si ya kiwandani. Peleka ya zamani, linganisha nyuzi. Swichi za Volkswagen zina nyuzi za milimita 10 zenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1. Za Kimarekani kwa kawaida ni zile za bomba za inchi 1/8, nyuzi 27 kwa inchi. Ukizipima, hizi za inchi zina unene wa milimita 10.3 hivi na hatua ya milimita 0.94. Zimekaribiana kiasi kwamba isiyo yake itaingia mizunguko miwili mitatu kisha ikaze, na ukilazimisha kwa spana umeharibu masta silinda. Swichi sahihi huzunguka kwa vidole mwanzoni. Ikikataa vidole, irudishe dukani.

Kuifunga ile ya shinikizo, safisha kwanza uchafu wote kuizunguka, weka mpya karibu na mkono, tandika matambara. Legeza ya zamani, itoe, kidole juu ya tundu, ingiza mpya. Ukiwa mwepesi, yatadondoka matone machache tu na hewa haitaingia. Pedali ikiwa laini baadaye, toa hewa kama kawaida, usiendeshe hivyo. Usizungushe ile tepu nyeupe ya mafundi bomba: nyuzi zinazochongoka hujiziba zenyewe, na vipande vya tepu ndani ya mfumo wa breki ni balaa. Nyuzi zilizonyooka zinaziba kwa washa ya shaba, weka mpya. Mafuta ya breki ya kawaida yanakula rangi, kwa hiyo tone likiangukia bodi, mwagia maji mengi papo hapo.

Ya pedali haina mafuta wala matone, lakini ina mtego wa kurekebisha. Ikikaa mbali, taa zinawaka muda wote na betri inaweza kufa usiku. Ikisukumwa mbele mno, inaizuia pedali isirudi mwisho, tundu la kurudishia mafuta kwenye masta silinda linabaki limezibwa, na breki zinaanza kujishika zenyewe na kuchemka. Hakikisha pedali bado ina ule mchezo wake mdogo wa bure juu, na taa ziwake kabla breki hazijaanza kushika. Angalia pia kipira kidogo cha kwenye mkono wa pedali kinachogusa kijiti. Kikipukutika kwa uzee, kijiti kinapenya kwenye tundu na taa hazizimi, nawe utainunua swichi mpya bure.

Kwa gari la aina ya shinikizo, mimi siku hizi naongeza rilei. Swichi inaamrisha rilei kwa umeme kidogo, rilei ndiyo inayobeba mzigo wa balbu, na ncha haziungui tena. Wapo wanaofunga swichi ya pedali na kuiacha ile ya shinikizo kama kizibo tu. Wenye kupenda gari libaki kama lilivyotoka kiwandani watanung'unika, ila taa huwaka mguu unapogusa tu, na hiyo kwangu ina uzito kuliko uhalisi wa sehemu ambayo hakuna anayeiona. Ukichagua kubaki na ya shinikizo, wiki ya kwanza pitisha karatasi kavu chini yake kila jioni. Ikitoka na unyevu, ongeza robo mzunguko, na ikiendelea kuvuja, ifungue uangalie nyuzi.