Santuri za babu na mashine ya kuanzia

SWALI: Nimerithi santuri za babu. Nyingi ni zile ndogo za 45 (mizunguko kwa dakika), chache ni nzito za 78. Ninunue mashine gani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hizo za 78 ndizo zitakazoamua. Audio-Technica AT-LP60X ni rahisi kutumia, lakini inacheza 33 na 45 tu. AT-LP120X inacheza zote tatu. Hata hivyo, usipige 78 kwa sindano iliyokuja nayo: mifereji ya 78 ni mipana, sindano nyembamba huzama chini na kukwaruza uchafu. Nunua sindano ya 78, yenye ncha ya mikroni 76 hivi.

Kwa 45, zungusha kizani, yaani uzito ulio nyuma ya mkono wa sindano, hadi mkono uelee sambamba na sahani, rudisha pete ya namba kwenye 0, kisha zungusha kizani na pete pamoja hadi gramu 2. Watu huogopa uzito na kuupunguza. Sindano ikiwa nyepesi mno huruka na kuharibu mfereji.

Sauti ikiwa hafifu, swichi ya nyuma iko PHONO na amplifaya yako haina tundu la fono (la mashine ya santuri): isogeze LINE. Ikiwa kubwa na ya kukwaruza, umekuza mara mbili: swichi iko LINE na waya uko kwenye tundu la fono.